Maneno Niliyobeba kati ya Vyumba Viwili

Tonton Faustin, niliyemwita mjomba kwa heshima tu, alifia Basoko, alikokuwa akifundisha hesabu katika shule ya sekondari. Ndugu zake walimrudisha Kisangani kwa boti, wakipanda mto siku mbili, jeneza likiwa katikati ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta ya mawese. Nilipata habari kwa simu asubuhi, nikaahirisha somo langu, na saa tisa alasiri nilikuwa nimekaa chini ya turubai kwenye parcelle, kiwanja cha dada yake huko Mangobo, karibu na wanawake waliokuwa wakitwanga pondu, majani ya muhogo, ya watu wa matanga. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Akaja mwanaume mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kufuma, vumbi la barabara bado liko kwenye suruali, akakaa, akatazama picha ya marehemu iliyowekwa juu ya meza. Nilimtambua kwa namna alivyokuwa akitikisa goti. Alikuwa Saidi. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na saba.

"Godé," akasema bila kunigeukia, "umezeeka."

"Na wewe, yaya," nikasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Nimetoka Ubundu kwa pikipiki, tangu jana. Nilikuja kumusamehe ule mutu. Alinisingizia mbele ya docteur, nikapoteza kazi, nikapoteza muji. Lakini sasa amekufa. Bon. Nimemusamehe. Imeisha." Akapangusa uso kwa kiganja kama mtu aliyetua mzigo. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini kwenye mchanga. Faustin hakumsingizia mtu. Uongo ambao Saidi alikuwa amesafiri siku nzima kuusamehe ulikuwa wangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na diploma ya informatique, mambo ya kompyuta, ambayo hakuna mtu mjini aliyejua aifanyie nini. Hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imepata kompyuta sita na ikataka programu ya kusimamia benki yake ya damu. Walimchukua Tonton Faustin awe arshitekti wa programu, Saidi awe fundi wake mkubwa, na mimi niwe wa kusaidia popote. Tulipewa chumba kimoja nyuma ya chumba cha dobi cha hospitali. Ukuta wa upande wa dobi ulikuwa wa joto mchana kutwa, na kila kitu chetu, hata mkate, kilinuka sabuni na mashuka yaliyochemshwa. Faustin alikuwa mtu wa Butembo, mnene, mtaratibu, shati lake limefungwa hadi kifungo cha juu. Nyumbani kwao walitarajia auze vitenge kama kaka zake. Saidi alikuwa wa Kindu, mwembamba, mwenye haraka, aliandika programu kama mtu anayepiga ngoma, na alipokuwa anafikiri goti lake lilitikisa meza yetu yote.

Watu hudhani arshitekti wa programu ndiye anayeandika sana. Sivyo. Yeye anaamua kazi itagawanywa katika sehemu zipi, kila sehemu itajua nini, na sehemu hizo zitaambiana nini. Faustin alichora mchoro wake kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chetu: sanduku moja la friji, ambako mifuko ya damu inaingia, na sanduku la pili la wodi, ambako mifuko inaombwa na kutolewa. Katikati akachora mshale. Saidi alipewa friji. Faustin mwenyewe akachukua wodi. Miezi ile ya kwanza mshale haukuwa na taabu yoyote, kwa sababu mtu aligeuza tu kiti chake akauliza, na mwenzake akajibu huku akitafuna karanga. Leo mimi ndiye ninayechora masanduku, na vijana ninaowafundisha wananishangaa ninapofika mahali papya nikauliza kwanza nani anakula na nani, kabla sijauliza lolote juu ya mashine. Wanadhani ni utani wa mama mzee.

Sisi watatu tulikula pamoja. Nje ya uzio wa hospitali palikuwa na malewa, mgahawa wa Mama Zawadi, mabati manne na mabenchi mawili, na yeye mwenyewe alivuka mto kutoka Lubunga kila asubuhi na sufuria zake ndani ya pirogue, mtumbwi wa kuchongwa. Alipika lituma laini, ndizi zilizopondwa hadi zikawa kama mto wa kulalia, pamoja na samaki wa mto na pilipili iliyotutoa machozi. Alimwita Faustin "papa mwalimu" na Saidi "mukwe," kwa sababu alisema bintiye Zawadi, aliyekuwa na miaka minne, angeolewa na mtu anayekula haraka vile ili asipate shida ya kupasha chakula mara mbili. Mimi aliniwekea kichwa cha samaki. Mwaka ule alikuwa na mimba, na tuliona tumbo lake likikua kadiri programu yetu ilivyokua. Siku moja alituuliza ile mashine yetu inafanya nini hasa. Faustin akamweleza kwa upole kwamba mtu akihitaji damu, daktari hatatuma tena mtu kukimbia kwenye maabara kufungua friji, ataona kwenye skrini. Mama Zawadi akacheka. "Donc friji itasema yenyewe? Iko muzuri. Yangu ya nyumbani haisemi, inanuka tu."

Ugomvi ulianza siku tulipoonyesha kazi kwa daktari mkuu. Saidi alikuwa amejenga sehemu yake kwa namna tofauti na mchoro, kwa sababu aliona mchoro una kasoro, na nadhani alikuwa na haki. Lakini hakumwambia Faustin kabla. Faustin aligundua hilo mbele ya wakubwa, skrini ikiwa imewashwa, akajisikia amevuliwa nguo. Akafunga kompyuta ya Saidi kwa mkono wake na kusema, "Docteur, utusamehe, hii iko kazi ya mutoto." Saidi alikuwa na miaka thelathini na mke. Alisimama, akatoka. Alasiri ile nilimkuta kwenye stoo ya dobi, upande wa pili wa ule ukuta wa joto, akipanga meza yake katikati ya magunia ya sabuni. "Mimi na ule mutu, hapana tena," akasema. "Akitaka kitu, atakutuma wewe."

Ndivyo nilivyokuwa mshale. Asubuhi nilipeleka karatasi, mchana nilirudisha majibu. Kupitia ule ukuta walisikiana wakikohoa, lakini hawakusemezana miezi mitano. Kwa Mama Zawadi, Faustin alikaa benchi la kushoto na Saidi benchi la kulia, wamepeana migongo, na yeye alibeba sahani huku na huku akinung'unika, "Banaume wakubwa, benye ndevu, na mambo ya batoto." Mimi nilikaa mara huku, mara kule, nikihesabu siku nisije nikampendelea mmoja. Usingizi ulinipotea. Kila neno la mmoja lilikuwa na miiba, na mimi niliing'oa njiani. Faustin akisema, "Muambie ule mujinga arekebishe tarehe," mimi nilifika nikasema, "Tonton anaomba uangalie tarehe." Saidi akisema, "Muambie aende shimoni," mimi nilirudi nikasema, "Yaya anasema ataona." Nilijivunia. Niliamini kabisa kwamba mimi ndiye niliyeushikilia mradi usianguke.

Kisha likaja swali dogo. Mfuko wa damu ukitoka kwenye friji kwenda wodini, nani anaupunguza kwenye hesabu, sehemu ya friji au sehemu ya wodi? Faustin akaniambia, "Friji ni ya Saidi. Donc yeye njo atapunguza. Muambie, na nataka jibu." Nilikwenda. Saidi hakuinua hata kichwa. "Mimi? Anayetoa njo apunguze. Wodi inatoa, wodi inapunguza. Muambie hivyo, na kama hataki, nitaenda kwa docteur leo leo, na mumoja wetu ataondoka hapa." Nilisimama kwenye kibaraza kati ya milango miwili. Mvua ilikuwa inanyesha, mashuka yalikuwa yameanuliwa haraka na kutupwa juu ya kamba za ndani, na niliona waziwazi yatakayotokea: kelele, daktari mkuu, mradi kufungwa, mimi kurudi nyumbani. Nikaingia kwa Faustin nikasema, "Yaya Saidi amekubali." Jioni, kabla ya kwenda, nikapitisha kichwa stoo nikasema, "Tonton amekubali." Wote wawili waliguna. Nilipotoka nje nilijisikia mwepesi. Nilikusudia kuiandika ile hesabu ya kupunguza mimi mwenyewe, kimyakimya, kwenye sehemu mojawapo. Nilijaribu siku tatu. Sikuwa na ujuzi wa kutosha, nikaogopa kuharibu, nikaacha.

Programu ilianza kazi. Kulikuwa na keki na picha, na Saidi na Faustin walisimama kwenye ncha mbili za safu. Ndani ya wiki ya kwanza, Papa Lobela, infirmier, muuguzi wa maabara aliyekuwa na funguo za friji, aliniita pembeni. "Mutoto yangu, mashine inasema iko mifuko kumi na mine. Mimi naona tisa." Nikamwambia ni kasoro ya mwanzo. Kila Jumamosi nilikaa naye, yeye anafungua friji na kusoma, mimi naandika namba za kweli juu ya zile za uongo, na Jumatatu mambo yanaanza kuharibika upya. Alinifichia siri hiyo kama bibi anayemficha mjukuu, akiamini kwamba nitaadhibiwa akisema. Miezi miwili ilipita hivyo. Madaktari waliipenda skrini. Waliacha kutuma watu maabara.

Jumatatu moja lori lilipinduka kwenye barabara ya Bafwasende, na majeruhi mmoja akapewa mifuko miwili ya mwisho ya O négatif, damu walio nayo watu wachache sana. Jumatano asubuhi nilifika kazini nikakuta malewa imefungwa. Nilidhani Mama Zawadi amejifungua, nikafurahi. Saa mbili na nusu niliona mumewe, fundi seremala niliyemjua kwa sura tu, amekaa kwenye ngazi za maternité, wodi ya wazazi, na Zawadi mapajani, na sufuria kando yake, kwa sababu mama alikuwa ameanza uchungu akiwa tayari ndani ya pirogue. Daktari wa zamu alikuwa ameona lazima apasuliwe. Alijua damu yake ni O négatif, ilikuwa imeandikwa kwenye fishi, kadi yake ya mimba. Alitazama skrini. Skrini ilisema: mbili. Kama ingesema sifuri, wangetafuta watu wa kutoa damu kwanza, walikuwa na saa nzima ya kufanya hivyo, daktari mwenyewe alisema baadaye. Hawakutafuta. Wakaanza.

Mtoto alitoka salama, msichana, akalia. Mama akaanza kuvuja na hakukoma. Mtu alitumwa maabara, na Papa Lobela akafungua friji, akabaki ameshika mlango wake. Nilisikia sauti yake kutoka kibarazani, akipiga kelele jina langu, si la mtu mwingine, langu. Nikajua. Kabla hajamaliza kusema, nikajua. Orodha ya watoa damu ilikuwa katika sehemu ya Saidi. Nilikimbilia stoo, tukawatafuta wenye O négatif, walikuwa wanne. Simu ya kwanza ilikuwa imezimwa. Wa pili alikuwa Kinshasa. Wa tatu alikuwa amekufa, mkewe ndiye aliyepokea, nikamwomba radhi huku nikilia. Wa nne alikuwa mbeba mizigo Bangboka, uwanja wa ndege. Saidi aliinuka. Alichukua pikipiki ya mlinzi na kuondoka bila kofia, kwenye matope yale, na mimi nikabaki na simu mkononi, nikienda mlango wa upasuaji na kurudi. Infirmière mmoja alitoka na ndoo. Nilitazama ndani ya ndoo, na hadi leo natamani nisingetazama. Mume wa Mama Zawadi aliniuliza, "Iko namna gani, mademoiselle?" Nikasema, "Itakuwa sawa, papa." Hata pale. Hata pale bado nilikuwa naling'oa neno miiba.

Saidi alirudi na yule mtu amekaa nyuma, bado na fulana yake ya kazi, mkono wa kushoto ameshaukunja hadi begani, amejiandaa njia yote. Papa Lobela akamshika akamvuta ndani. Sisi tulikuwa mbele ya kompyuta ya maabara, Saidi amejaa matope hadi kifuani, na Faustin aliyekuwa amesimama pale bila kusogea. Skrini bado ilisema mbili. Faustin akasema, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, "Ulikubali kuipunguza."

"Mimi? Wewe njo ulikubali."

"Saidi, ulikubali. Niliambiwa."

"Nani alikuambia? Nani alisema mimi nilikubali?"

Walikuwa wanatazamana, hawakunitazama mimi. Nilifungua mdomo. Na pale pale Papa Lobela akatokea mlangoni, amevua kofia yake nyeupe, yule mbeba mizigo nyuma yake na mkono bado umekunjwa, na hakuna tone la damu lililokuwa limetolewa. Mama Zawadi alikuwa ameshafariki. Swali la Saidi likabaki hewani, na hakuna aliyelirudia siku ile. Kutoka kwenye ngazi tulimsikia mwanaume akilia kwa sauti nyembamba, kama ya mtu mwingine, na mtoto Zawadi akimwambia anyamaze.

Hospitali iliiambia familia kwamba damu ilikosekana na kwamba ni mapenzi ya Mungu. Ndani, kulikuwa na kikao. Faustin aliandika kwamba mchoro ulikuwa wake na kosa ni lake, lakini kwamba fundi wake alikuwa amekubali kazi asiyoifanya. Saidi alisema ni uongo. Daktari mkuu akanigeukia. "Wewe ulikuwa kati yao. Nani alisema nini?" Chumba kilikuwa na feni iliyokuwa inakwaruza, na kwenye meza kulikuwa na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Faustin alinitazama kwa matumaini. Saidi pia. Kila mmoja alikuwa na hakika nitamwokoa. Nikasema, "Sikumbuki, docteur." Waliondolewa wote wawili. Mimi niliandikiwa barua nzuri ya kutafutia kazi, kwa sababu nilikuwa kijana. Kompyuta zilifunikwa vitambaa, na Papa Lobela akarudishiwa daftari lake. Nilikonda mwaka ule hadi mama yangu akadhani nina kifua kikuu. Mara tatu nilianza barua kwa Faustin. Mara tatu nilijiambia kwamba nikikutana naye uso kwa uso itakuwa rahisi zaidi. Sasa uso wake ulikuwa ndani ya fremu juu ya meza, na mshumaa mbele yake.

"Yaya Saidi," nikasema chini ya lile turubai, "hakukusingizia. Mimi njo nilimuambia kwamba umekubali. Na wewe nilikuambia yeye amekubali. Hakuna aliyekubali."

Alinigeukia. Goti lake lilikuwa limetulia. Wanawake waliendelea kutwanga, pondu ikinuka mbichi. Nilisubiri anipige, na nadhani nilitaka.

"Kwa nini?"

"Niliogopa mutapigana."

"Tulikuwa tunapigana tayari, Godé." Akasema tena, taratibu, "Tulikuwa tunapigana tayari." Akainuka, akaenda mbele ya picha, akasimama pale muda mrefu sana, na mabega yake yakaanza kutikisika. Watu walidhani ni ndugu. Dada wa marehemu akaja akamshika mkono. Aliporudi kwangu macho yake yalikuwa mekundu, na hakukaa. "Kule Lubunga, kwa bwana ya Mama Zawadi, banajua?"

"Hapana."

"Kesho asubuhi utaenda. Mimi nitakuwa pale, nisikie."

Asubuhi tulivuka mto pamoja. Mume wa Mama Zawadi alikuwa bado anafanya useremala, chini ya mabati, amezeeka, randa mkononi, maranda ya mbao hadi kwenye vifundo vya miguu. Zawadi ameolewa Buta. Yule aliyezaliwa siku ile alikuwa ameenda shuleni, na nilishukuru, kisha nikaona aibu kwa kushukuru. Nilimwambia seremala yote nikiwa nimesimama, kwa maneno mepesi, kama nilivyoyaandika hapa, bila kulainisha hata moja. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyofikiri. Aliweka randa chini. Alikaa juu ya ubao aliokuwa akiutengeneza, akatazama mikono yake.

"Balituambia ni Mungu," akasema. "Miaka yote hii nilikasirikia Mungu. Niliacha kanisa. Batoto yangu balibatizwa na bibi yao, mimi nimekaa inje." Akainua macho, kwanza kwa Saidi, kisha kwangu. "Sasa munataka nikasirikie nani?"

"Mimi, papa."

"Jina yako nani?"

"Godelieve."

"Jina yote."

Nikampa lote, la baba na la babu. Akalirudia polepole, kisha akalirudia tena, akiangalia kama amelishika vizuri. Halafu akachukua randa yake na kutuambia tuende.